Vimpira Vyeusi

Usigeuze uso. Unapita pale kibandani karibu na shule kila asubuhi, begi mgongoni, na kopo unaliona: kopo la maziwa lililojaa sigara za kuuzwa mojamoja, limekaa bega kwa bega na mtungi wa pipi. Unaona mkono wenye sare ukinyooshwa, nawe unainama kufunga kamba ya kiatu. Usione haya peke yako. Hata Kinda aliinama, na mkono ule ulikuwa wa kaka yake.

Kinda alikuwa na miaka kumi na miwili, kitindamimba wa nyumba yao. Kaka yake wa miaka kumi na minne wenzake walimwita Opena, yaani kifungua soda, kwa sababu meno yake ya mbele yalitokeza hata midomo haikufungana. Mkate aliuma kwa pembeni. Mama yao, mfuaji wa shuka hospitalini, alihangaika mwaka mzima mpaka akampatia nafasi kwenye kliniki ya meno ya hospitali hiyo. Kijana akafungwa waya wa kunyoosha meno. Jina likageuka, akawa Reli. Hilo hakulichukia, reli angalau huenda mahali.

Lakini tangu shule zifunguliwe, Kinda alinusa jambo. Kila jioni kaka alipitia kibandani "kununua peni", naye Kinda akiinama kufunga kamba ya kiatu. Peni tisa kwa wiki mbili, na hesabu zake bado alifanya kwa penseli. Alirudi akitafuna karafuu. Na yeye, ambaye zamani alifukuzwa kwa kandambili ndipo apige mswaki, sasa aliupiga kabla hata ya kumwamkia mama.

"Mbona siku hizi msafi hivyo?" Kinda alimuuliza.

"Mpelelezi, nani kakuajiri?"

"Na karafuu je?"

"Jino linauma. Niache."

Siku ya kliniki ikafika, wakaenda wote wawili na mama. Kila mwezi daktari alibadilisha vimpira vidogo vinavyoshikilia waya kwenye meno, na rangi alichagua mgonjwa. Kaka alikuwa mtu wa vyeupe. Leo, hata hajakaa vizuri kitini, alisema, "Naomba vyeusi, Daktari."

Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliivaa kwanza. Alivitoa vya zamani kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia ya chuma. Kinda alichungulia. Vilikuwa na rangi ya kutu.

"Umekunywa nini, mwanangu?"

"Chai ya rangi tu."

Mama akainua kichwa. "Chai ya nani? Mwaka wa tatu huu nina vidonda vya tumbo. Kwetu tunakunywa uji."

Daktari alipima, akatazama kadi, akapima tena. "Fizi zimevimba, zimeanza kuachana na meno. Miezi mitatu hakuna jino lililosogea ipasavyo. Hali ikibaki hivi, mwezi ujao nafungua waya, na meno yatarudi yalikotoka."

Kaka alimkazia Kinda jicho, na jicho lilisema: nyamaza. Kinda akalisikia jina la Opena likirudi uwanjani. Kunyamaza ni kazi rahisi; ndiyo waliyokuwa wakiifanya wote.

"Mama, muulize peni tisa ziko wapi," akasema.

 Kaka akainamisha kichwa. "Ni sigara. Moja tu kwa siku. Ukisimama na wale wanafunzi wakubwa wanaovuta kibandani, hakuna anayekuita Opena."

Daktari alivuta kigoda, akakaa. "Sikiliza. Jino halisogei kama kiti sakafuni. Mfupa hubomoka kidogo upande huu, ukajengeka upande ule, na ujenzi huo unataka damu safi. Tumbaku huipunguza damu inayofika kwenye fizi. Nikivuta jino kwenye mfupa dhaifu, sipangi meno, nang'oa. Vimpira vyeusi vitaficha madoa. Fizi havifichi."

Mama hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda wote watatu hadi kibandani.

"Jirani, njia gani imekuleta saa hizi?" mwenye kibanda alitabasamu.

"Leo ndiyo nimeiona. Kopo hilo baba yako aliliweka hapohapo nikiwa darasa la tano. Kaka yangu alianzia hapo. Alikufa akikohoa, mdomoni kabaki na meno manne. Na mimi miaka yote nanunua sukari, naondoka."

"Mimi nauza tu. Sijamlazimisha mtu."

"Na mimi nasema tu. Nitaanza kwa mwalimu mkuu."

Kopo likashuka chini ya meza.

Kuacha hakukuwa lelemama. Wiki ya kwanza kaka alikuwa mkali kama pilipili, na wakubwa wale wakamfukuza. Baada ya miezi miwili daktari alipima, akaandika kwenye kadi, akavaa tabasamu.

"Safari imeanza tena. Rangi gani?"

"Vyeupe," kaka alijibu. Kisha akamnong'oneza Kinda, "Asante, Mpelelezi."

Daktari alisikia. "Wanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Aliyesema hakumsaliti ndugu yake. Msaliti ni aliyeona akanyamaza."

Lakini kopo lile liko chini ya meza tu, halijatupwa. Na karibu na shule yako liko jingine, juu ya meza, mchana kweupe. Unalijua. Unamjua na anayenyoosha mkono. Funga kitabu hiki, nenda kwa mwalimu wa zamu, umtajie kibanda. Usingoje kengele. Inuka.