Daktari wa Meno na Mashine Yake ya Kahawa

Jumamosi asubuhi jengo la mafundi huwa halina pa kukanyaga. Watu huja na pasi zilizokataa kupata moto, blenda zinazonguruma bila kusaga, redio zilizonyamaza tangu mwaka jana, na kila mmoja anataka awe wa kwanza. Katikati ya msukumano huo aliingia mwanamke wa gauni la manjano na viatu vyeupe vya chini, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Watu walimpisha. Walidhani amebeba mtoto.

Alipofika kwenye kibanda cha mwisho alifungua taulo, ikatokea mashine ya kusaga kahawa, ile ndogo ya nyumbani, yenye tumbo la bati na mfuniko wa kioo.

Fundi wa kibanda kile jina lake halisi lilishasahaulika. Jengo zima lilimwita Bisibisi, kwa kuwa aliichomeka bisibisi sikioni kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alikuwa mrefu, mwenye shati la buluu lililonyooshwa vizuri kuliko unavyotarajia kwa mtu anayeshinda kwenye grisi.

"Ina tatizo gani?" aliuliza.

"Inasaga ovyo. Nusu inatoka unga, nusu changarawe. Nikipika, kahawa inakuwa chungu na chachu kwa pamoja."

"Na umejaribu nini kabla ya kuja hapa?"

"Nimeibembeleza, nikaigombeza, nikaipiga kofi. Kofi lilisaidia kidogo."

Bisibisi alicheka. "Kwani kazi yako nini, dada?"

"Daktari wa meno."

"Na wagonjwa wako nao unawapiga makofi?"

"Wale wenye maswali mengi tu."

Wapo wanaoapa kwamba mapenzi huanzia machoni. Siku ile, nakuhakikishia, yalianzia kwenye kicheko, na macho yalifuata nyuma yakihema.

Bisibisi aliifungua mashine. Ndani mlikuwa na mabamba mawili ya chuma ya duara, yenye meno, moja juu na moja chini. Punje hupita katikati yake zikasagika. Bamba la chini lilikuwa na kasoro ya kiwandani: upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, tofauti ya unywele tu. Dawa yake ni kipande kidogo cha foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, kinachowekwa chini ya upande mwembamba ili bamba likae sawa. Bisibisi aliijua dawa hiyo vizuri. Lakini aliyemfundisha kazi alimkanya tangu siku ya kwanza kwamba mteja asione foili, maana ataona amewekewa takataka. Kwa hiyo aligeuka, akampa Dokta mgongo, akaibandika foili kwa grisi na kukaza skrubu tatu. Dokta aliona mabega tu, na mabega yenyewe hakuyachukia.

"Imepona," alisema fundi. "Ikisumbua, nipigie."

Mashine haikusumbua, lakini Dokta alipiga kesho yake.

"Fundi, unga unaruka. Unanata kwenye kikombe, kwenye meza, mpaka kwenye nyusi zangu."

"Huo ni umeme wa msuguano, wala si ugonjwa. Chovya kijiko kwenye maji, kikung'ute, halafu koroga nacho punje kabla ya kusaga. Tone moja linatosha."

"Unanitania."

"Jaribu sasa hivi, nasikiliza."

Mashine ilinguruma simuni, ikanyamaza.

"Imetulia," alisema Dokta. "Wewe mchawi."

"Na mchawi analipwa nini?"

"Kikombe kimoja. Jumapili saa kumi. Mama yangu atakuwepo, kwa hiyo njoo na adabu zako."

Alikuja na adabu zake na za majirani. Mama mtu alimpima kutoka viatu hadi kola, akamwongezea kikombe cha pili bila kuulizwa, na Dokta akajua mambo yameiva. Baada ya hapo Jumapili zikawa zao. Bisibisi alimfundisha kutoacha punje zikae siku nzima kwenye mashine, na kutokaza pete ya kusaga laini, ile inayosogeza mabamba karibu, mpaka mota iwe inazunguka. Dokta naye alimkalisha kwenye kiti cha kliniki, akaliziba gego lililomtesa mwaka mzima. Hakulia, ingawa alitaka. Mwezi wa nne tangu wajuane ulipoingia, "dokta" na "fundi" walikuwa wameshakuwa "mpenzi" na "roho yangu", na ilikuwa imekubaliwa kwamba Jumapili inayofuata shangazi aliyemlea Bisibisi angekuja kwa mama kuzungumza habari za ndoa.

Tatizo lilikuwa mashine. Karibu kila Jumamosi ilirudia kutoa changarawe, na Jumapili Bisibisi aliifungua, akawapa watu mgongo dakika tano, ikapona. Yeye alilaumu uzee wa mashine, akidhani mtikisiko wake unaisogeza foili. Hakujua habari za Ijumaa.

Kila Ijumaa akitoka kazini, Dokta alifungua skrubu tatu, akalitoa bamba la chini, akalisugua kwa maji ya moto na sabuni, akalikausha kwa mashine ya nywele mpaka likang'aa. Katika kazi yake, chochote chenye kugusa meno kinasafishwa, sembuse chenye meno yake. Kisha alilirudisha vyovyote vile, kwa kuwa matundu matatu yanafanana na bamba linakubali kukaa kwa namna tatu. Foili ilibaki palepale chini, imefunikwa na grisi nyeusi na vumbi la kahawa, na bamba lilipogeuka, dawa ikawa imekaa upande mnene. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaiosha. Nani anatangaza kwamba ameoga?

Ijumaa ile ya kabla ya ugeni, Dokta alitaka mashine ing'ae kupita siku zote. Alikuja nyumbani na kioo chake kidogo cha kuchungulia magego, akalitoa bamba, akakiingiza kwenye tumbo la mashine. Kitu kilimeta. Alikivuta kwa kibano, akakifuta, akakikunjua kiganjani.

Ilikuwa foili. Imekunjwa kwa makusudi, imebandikwa kwa makusudi.

Alikaa kwenye stuli ya jikoni. Alikumbuka ule mgongo. Kila Jumapili, mgongo. Miaka mitatu nyuma alikuwa amechumbiwa na mwanaume mpole sana ambaye baadaye iligundulika ana mke na watoto mji mwingine, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipiga simu.

"Mpenzi," aliitika Bisibisi, "shangazi amesuka nywele kwa ajili yako."

"Kuna foili ndani ya mashine yangu. Uliiweka wewe?"

Upande wa pili bisibisi iliwekwa mezani.

"Nakuuliza, uliiweka wewe?"

"Niliiweka mimi."

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliona aibu. Lakini ile inatengeneza, haiharibu."

"Inatengeneza? Kila wiki inaharibika, kila wiki unakuja. Ulikuwa unanivuta kwa kamba kama mbuzi."

"Nisikilize, roho yangu..."

"Nilikuambia tangu mwanzo, nitavumilia kila kitu ila uongo. Mwambie shangazi asije."

Alikata simu, akazima, akalia mbele ya mashine iliyofunguliwa.

Jumamosi alikwenda kliniki na macho yamevimba. Mgonjwa wa mwisho alikuwa mwalimu mmoja wa kike aliyezibwa jino wiki ile.

"Dokta, hili jino linawahi kugusana kabla ya mengine. Au najidanganya?"

"Tutajua sasa hivi." Alimwekea katikati ya meno ile karatasi nyembamba yenye rangi ya buluu, inayoacha doa pale meno yanapogusana. "Ng'ata. Saga huku na huku. Fungua."

Doa la buluu lilikuwa upande mmoja tu. Dokta alilipunguza jino mahali palepale penye doa, na mwalimu akatabasamu. Dokta alibaki ameshika karatasi. Mgonjwa akilalamika kwamba kizibo kimekaa vibaya, yeye hamwiti mwongo. Hupima kwanza. Jana alikuwa amemhukumu mtu bila kupima.

Aliondoka na karatasi mkononi, hata koti la kazi hakulivua. Jikoni alirudisha bamba bila foili, akapenyeza karatasi katikati, akakaza pete mpaka meno ya juu na ya chini yakagusana, akaizungusha kwa mkono.

Mama yake alisimama mlangoni. "Sasa mashine nayo unaing'atisha?"

"Naipima, mama."

Alifungua. Buluu upande mmoja, mwingine mtupu. "Hii ilikuwa mbovu yenyewe," alisema polepole. "Hata bila foili inakaa upande."

Aliikunja foili upya, akairudisha mahali ilipokuwa, akalikaza bamba, akapima. Ikawa mbaya zaidi. Akalizungusha bamba tundu moja. Mbaya vilevile. Akalizungusha la tatu, akapima, akafungua. Buluu ilikuwa imezunguka duara lote.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naiharibu. Kila Ijumaa."

"Na yeye kila Jumapili alikuwa anaitengeneza?"

"Kila Jumapili."

"Na wote mmekaa kimya, watu wazima na akili zenu." Mama alivuta kiti. "Yeye mwambie mficha uchi hazai. Lakini anza na la kwako."

Dokta alichora alama ndogo ubavuni mwa bamba ili lisirudishwe vibaya tena, akasaga kijiko kimoja cha kahawa. Ulitoka unga wa namna moja, wa kahawia, laini kama mchanga uliochekechwa. Alifunga mashine kwenye taulo na kukimbia.

Jengo lilikuwa bado limejaa. Bisibisi alikuwa ameinamia pasi ya mwanamke mmoja mnene, mgongo wake ukiwaelekea wateja, shati limekunjamana. Dokta alipita katikati ya foleni, watu wakinung'unika, akaiweka mashine mezani.

"Fundi, mimi ndiye niliyekuwa naiharibu," alisema, na hakupunguza sauti. "Nilikuwa naifungua, naiosha, narudisha bamba ninavyojua mwenyewe. Dawa yako nikaigeuza sumu, halafu nikakuita mwongo. Nisamehe."

Bisibisi aligeuka. "Ulikuwa unaiosha? Kwa maji?"

"Na sabuni."

"Mashine ya kahawa?"

"Nikimaliza naikausha kwa mashine ya nywele."

Alijishika paji la uso. Mabega yalianza kutikisika, na Dokta alidhani analia mpaka kicheko kilipomtoka. "Miezi minne najiuliza mbona mashine hii hainukii hata kahawa."

"Sasa sema na la kwako."

Kicheko kilikatika. "Niliogopa. Wewe msomi, unatibu watu, mimi nimekuwekea kikaratasi. Nilidhani ukikiona utaniona fundi wa kubahatisha."

"Mimi kutwa nzima naziba mashimo ya watu, nitacheka foili? Iliyoniumiza siyo foili. Ni ule mgongo. Ukitengeneza kitu changu, geuka nione."

Bisibisi alimtazama, kisha akaishika meza yake nzito, na vipuri vyote juu, akaizungusha mpaka ikawaelekea watu. Foleni ilirudi nyuma kumpisha. Alisimama upande wa pili, tayari kufanya kazi uso kwa uso nao, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

"Shangazi ulimwambia asije?" Dokta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilimpigia. Akaniuliza kosa langu nini, nikashindwa kulieleza. Akasema kama ni hivyo anakuja hivyohivyo, akamwone mwenyewe huyo anayemliza mwanawe."

"Aje. Ila swali la ndoa analokuja nalo niulize wewe. Sasa hivi."

"Hapa, kwenye watu?"

"Kukutukana nilikutukana kwenye simu, pembeni. Kukukubali nataka wasikie."

Foleni ilisogea kusikia vizuri. Bisibisi alifuta mikono kwenye shati, akaharibu kilichobaki cha shati, akazunguka meza na kumshika mikono.

"Nakupenda. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali," alisema Dokta, na machozi yakamtoka waziwazi, hakuyaficha.

Mafundi waligonga mabati kwa nyundo. Fundi wa redio alifungulia redio zote zilizopona kwa pamoja, kila moja na stesheni yake, na hakuna aliyelalamika. Mama wa pasi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akakumbuka kilichomleta.

"Hongereni, wanangu. Na pasi yangu je?"

"Njoo Jumatatu, mama," alisema Bisibisi, bila kumwachia Dokta mikono. "Leo nimepata mchumba."