Breki ya Kapita Bulaimu

Asubuhi ile breki iliuma bila mzigo. Ta! Meno yake ya chuma yalidaka gurudumu la kuvutia mawe, na kamba iliyoning'inia shimoni haikuwa na hata ndoo.

"Kapita, freni inauma bule," alinong'ona Asani, mshika mpini wa gurudumu.

"Funga kinywa, ufanye kazi!"

Kapita Bulaimu, msimamizi wa machimbo ya bati pale Lusangi, alijua kila kitu, na asichokijua alikifokea. Kazi ya breki ile ilikuwa moja tu: mpini ukiponyoka, idake gurudumu, ndoo ya mawe isimwangukie mtu. Lakini iliuma kwa kila mtikisiko na kuchelewesha kazi, basi kapita akaifunga kwa waya. Mwezi uliopita mpini uliponyoka, ndoo ikamponda mchimbaji Raphaël kule chini. Mzungu mwenye machimbo alipouona waya na kuufungua, Bulaimu aliapa kwamba marehemu ndiye aliyeufunga kwa uvivu wake. Mjane wake, Marguerite, akafukuzwa kambini kwa matusi kabla matanga hayajaisha. Roho mbaya iliyoje!

Mchana, bomba la ishara likagongwa kutoka chini. Mara tatu: mtu anaomba kupandishwa.

"Nani iko chini?"

"Hakuna mutu, kapita. Wote tuko hapa."

Harufu ya damu na udongo mbichi ikapanda. Wachimbaji wakaweka sululu chini.

Mwalimu Atumani akaletwa kutoka Kasongo na ubani wake. Alisoma, akamvuta kapita kando.

"Huyu si jini ya kufukuza. Ni mutu ulimusingizia. Sema kweli mbele ya watu, atatulia."

"Nikisema, watanifunga."

"Basi usishuke mule."

Lakini mzungu alitaka kazi, na wachimbaji walikataa katakata mpaka kapita atangulie. Bulaimu akaingia ndoani, amejikausha usoni. Katikati ya shimo breki ikauma, na ndoo ikasimama ikipepesuka gizani, na mdomo wa shimo kule juu ukawa mdogo kama sahani, na bomba likaanza kugongwa chini yake, tatu, tatu, tatu, kila mara karibu zaidi, mpaka akahisi vidole vya baridi vikishika ukingo wa ndoo.

"Kapita," ikauliza sauti ya Raphaël, "nani alifunga waya?"

"Ni muzungu!"

Jino moja likaachia. Ndoo ikaanguka urefu wa mtu, ikadakwa tena.

"Nani?"

"Ni mie! Ni mie Bulaimu niliifunga! Raphaël hakukosa kitu!"

Juu, wote walisikia. Asani alilia waziwazi.

"Vema," sauti ikasema. "Sasa shuka, uniombe musamaha."

Breki ikafunguka polepole. Wanaume sita waliukaba mpini kwa nguvu zao zote, na bado ukazunguka, taratibu, mpaka kamba ikaisha. Walipoivuta, ndoo ilipanda nyepesi.