Miche Kumi na Mmoja ya Bibi Epang

Kila asubuhi kabla ya shule, Jovelin alishuka ufukweni na bibi yake kuangalia miche ya mikoko. Kimbunga cha mwaka juzi kiling'oa msitu wote uliokuwa ukikinga kijiji chao cha Tubod, na sasa wanawake waokota kome walikuwa wakiupanda upya, mche mmoja mmoja, kwenye tope. Kila mmoja alifunga vitambaa vya rangi yake kwenye miche ili aitambue. Vya Bibi Epang alivikata kwenye shati la bluu lenye maua meupe la marehemu mume wake, Isko.

Alhamisi hiyo Bibi alisimama ghafla, tope likimfika magotini.

"Inday, hebu njoo," alimwita Jovelin kwa jina la kumdekeza binti. "Ni macho yangu, au?"

Safu yake ya mbele ilikuwa mashimo matupu. Kumi na moja.

"Mbuzi wa Mzee Teban hao!" akafoka jirani yao, Mama Nida. "Jana niliwaona huku wanatembea na ndevu zao kama wazee wa kanisa!"

Jovelin aliinamisha macho kwenye tope.

Hawakuwa mbuzi. Alikuwa yeye. Mwalimu Rebosura alimpa miezi mitatu atengeneze filamu fupi kuhusu upandaji mikoko, kwa ajili ya tamasha la filamu la shule. Vijiji vya jirani vingeleta filamu za ngoma, ususi na bahari, na kiingilio kilikuwa mche mmoja wa mkoko. Jovelin aliimaliza miezi hiyo kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Zilipobaki siku tatu, aling'oa miche ya Bibi, akaifungua vitambaa, akaichomeka kwenye mchanga mweupe karibu na gati, na kujipiga picha za video kwa simu ya mama yake akijifanya anapanda. Alikusudia kuirudisha. Lakini alikaa akizitazama picha zake, na alipoinua macho, maji yalikuwa yamejaa na kuichukua yote.

Tangu Alhamisi ile Mzee Teban aliwafunga mbuzi wake kamba fupi. Watoto walipita mlangoni kwake wakilia, "Mee! Mla mikoko!" Jovelin alipita njia nyingine.

Jumamosi mchana madirisha ya ukumbi wa shule yalizibwa kwa mablanketi. Mlangoni ndoo zilijaa miche. Watu walikula ndizi za kukaanga zilizochomekwa vijitini, wakaishangilia filamu ya ngoma ya mianzi. Kisha ikaja ya Jovelin.

"Inday wangu huyo!" Bibi Epang aliwaambia waliokaa mbele, nyuma na pembeni.

Kwenye simu, kila kitu kilikuwa kidogo kama sisimizi. Kwenye shuka jeupe ukutani, mche ulikuwa mrefu kuliko mtu. Chini kabisa ya shina lake kulikuwa na kitambaa cha bluu chenye maua meupe, kipana kama kanga. Jovelin alikuwa amefungua vitambaa kumi. Cha kumi na moja hakukiona.

Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Bibi Epang aliinuka, akaenda hadi kwenye shuka, akakigusa kile kitambaa. Picha ya maua ikamwangukia mkononi.

"Hili shati la Isko," alisema.

"Yesu na Maria!" Mama Nida akanong'ona.

Mwalimu alisimamisha filamu. "Jovelin, hii miche uliitoa wapi?"

Angeweza kusema aliiokota. Lakini kwenye kiti cha mwisho, peke yake, alikuwa amekaa Mzee Teban.

"Niliing'oa mimi. Mbuzi hawakufanya lolote."

Bibi aligeuka. "Iko wapi sasa?"

"Maji yaliichukua, Bibi."

Bibi aliketi pale pale sakafuni. Jovelin hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kimbunga.

"Kwa hiyo niwafungue mbuzi wangu?" Mzee Teban aliuliza. "Siku tatu wananitazama kama mimi ndiye mwizi."

Wachache walicheka. Mama Nida alijificha nyuma ya pepeo lake la kujipepea. Jovelin alimwendea mzee, akaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya kumheshimu mzee, akaomba radhi.

"Nimekusikia," alisema Mzee Teban. "Na mbuzi nao uwaombe."

Mwalimu aliiondoa filamu ile kwenye tamasha. "Utaanza upya," alisema. "Mwakani tutaonyesha ulichopanda kweli."

Jumapili baada ya misa, maji yalipokupwa, Jovelin alichukua miche kumi na mmoja kutoka kwenye ndoo za tamasha, kwa ruhusa ya Mwalimu, akaenda kuipanda kwenye safu ya Bibi. Jua liliwaka, tope lilimvuta miguu, mgongo ulimuuma. Bibi alikuja na kola ya shati la Isko, ndiyo pekee iliyobaki, akaichana vipande vyembamba.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Nimekasirika. Funga vizuri hapo." Akaukaza mche kwa kisigino. "Miche imepatikana mingine. Lakini zile siku tatu za Teban, nani atamrudishia? Ukikosea, Inday, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa aibu yako."

Jovelin aliitikia kwa kichwa, akainama kuuchimbia shimo mche uliofuata.