Aliyetoka Joshoni Bila Kuingia

Jumatatu moja ya mwaka 1956, ng'ombe wa mwisho alipotoka joshoni Nyanungu, mashine ilisoma 9999.

Stanslaus, karani wa josho, mtu wa Ikoma, aliifuta kwa kiganja akaisoma tena. Wakurya hawahesabu ng'ombe kwa mdomo, ni kuwaitia kifo, ndiyo maana serikali ilileta chuma kihesabu: mkono wa mlango wa kuingilia unapeleka namba mbele, wa kutokea unairudisha nyuma. Jioni lazima ibaki 0000.

Bwana Mifugo, Mzungu mwenye haraka zake, alicheka. "Ng'ombe elfu tisa na ushee wamo majini? Mashine mbovu. Irudishe sifuri."

Stanslaus hakuirudisha. Chuma kile hakikuwa na namba iliyo chini ya sifuri. Ukitoa mmoja pasipo kitu, magurudumu yanazunguka kinyumenyume hadi tisa zote. Maana yake ilikuwa moja: mmoja alitoka bila kuingia.

Siku ya tatu alifika Robi, mjane ambaye kundi lake ndilo lililooga mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu Mokami hali, hanywi. Pumzi yake inanuka dawa ya josho. Na ndama wamekataa zizi."

Stanslaus akanong'ona, "Mama, jini limekufuata nyumbani. Hama."

"Nihame? Boma nimejenga mwenyewe, mume yuko kaburini! Lilitoka wapi?"

"Humu."

"Basi litarudi humu."

"Likirudi, namba itaongezeka moja, na tisa zote zitageuka sifuri."

"Usiiguse, karani."

Jumatatu iliyofuata, adhuhuri, Robi alileta kundi lake mwisho tena. Ng'ombe wakatumbukia mmoja mmoja, tak, tak. Wa mwisho akapita, kisha mkono wa mlango wa kuingilia ukasogea wenyewe, tak. Harufu ya dawa ikapanda, Stanslaus akaufunga mlango ule. Upande wa pili ng'ombe wakatoka wakichuruzika, na mkia wa mwisho ulipopita tu Robi akabamiza lango, akatia komeo, akaliegemea kwa mgongo, na kitu kikaanza kulisukuma, kwanza taratibu kama ndama anayetafuta titi, halafu kwa nguvu hata mbao zikalia na visigino vyake vikachimba matope, na baridi ikapenya shuka lake, na ndani ya baridi ile sauti ya Mokami ikalia, "Mama, nifungulie, nazama!"

"Ni mtoto!" Stanslaus akakimbilia komeo. Robi akamsukuma huko.

"Mwanangu hajui Kiswahili," alisema, kisha akaligeukia lango. "Mjinga wewe! Wiki nzima umelala kwangu, hata lugha ya nyumba hukujifunza? Kaa humo!"

Msukumo ukakoma. Mashine ilisoma 0000. Robi alipofika nyumbani, Mokami alikuwa anaomba uji, mama yake akalia kwa furaha bila kuficha.

Kesho yake Bwana Mifugo alikuja na hasira: lango lifunguliwe, la sivyo jela.

"Nipeleke jela," Robi akasema. "Lakini komeo utalitoa wewe."

Bwana Mifugo akalishika. Kutoka ndani, sauti ya bibi kizee ilimwita taratibu, kwa Kiingereza, kwa jina ambalo hakuna mtu Nyanungu aliyelijua.

Mzungu akaachia komeo. "Mama yangu alikufa wakati wa vita," alinong'ona.

"Limeanza kujifunza," Robi akasema, akaokota jiwe.

Josho lilijazwa mawe siku hiyohiyo, na lile kubwa kuliko yote alilibeba Bwana Mifugo mwenyewe.