Dakika ya Ukimya

Goti la Shangazi liligoma ghorofa ya nne.

Alishika ukuta ambao haujapigwa plasta, akavuta pumzi, akasikiliza. Juu yake mtu alikuwa anakimbia. Chini yake wanaume wawili walipanda bila haraka, maana jengo lilikuwa halijakamilika na ngazi ilikuwa moja tu.

"Mjomba, wamefika," alisema kwenye kifaa cha sikioni.

"Una nini?"

"Glock moja na goti moja."

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekalia kiti. Hawakuwa ndugu. Yalikuwa majina ya kazi, ila waliyatumia miaka mingi hata wakubwa wa idara ya usalama wakasahau yale ya kwenye vitambulisho. Mjomba alikaa kwenye mitambo, Shangazi akatumwa. Siku hizi miguu yake ilikuwa inadai likizo.

Kwenye kona palikuwa na toroli la mafundi, limejaa mchanga. Shangazi alilitazama, akazitazama ngazi.

Akalisukuma.

Lilishuka kwa kishindo. Mmoja alipiga yowe, mwingine akatukana kwa lugha ya kigeni, kisha vumbi na kukohoa. Shangazi hakungoja kuona. Alipanda huku akivuta mguu.

Juu ya paa alimkuta aliyemtafuta tangu jana: Fundi Sauti, mwanamume mwembamba, amekumbatia begi jeusi.

"Usinisogelee, mama. Naruka."

"Ukiruka utavunjika, na mimi sina nguvu za kukubeba." Shangazi aliketi juu ya ndoo ya rangi. "Acha nipumue kwanza, mwanangu. Ningetaka kukuua ningekuwa nimeshamaliza, nimekwenda kulala."

Fundi Sauti akalegea, akakaa chini.

Nchi nzima ilikuwa imeuona ule mkanda wa video. Wanakijiji wamelala mtaroni karibu na mpaka, damu, na askari wenye sare za nchi jirani wakicheka juu yao. Jirani alikana, akatukanwa. Waandishi walipotaka kwenda kuona kwa macho, barabara ilifungwa, eti kwa usalama wao. Watu ambao hawajawahi kuuona huo mpaka hata kwenye ramani sasa walitaka uvukwe leo leo. Bunge lingepiga kura ya vita saa nne asubuhi hii. Na bandarini ilikuwapo meli ya mgeni mmoja waliyemwita Miwani, imesheheni risasi, inasubiri mteja.

Mwana wa pekee wa Shangazi alikuwa koplo. Kikosi chake kilikuwa mpakani, mstari wa mbele kabisa.

"Mpiga picha wetu kaanguka ghorofani," Fundi Sauti alisema. "Wanasema alilewa. Yule hanywi, mama. Hata soda anailalamikia gesi."

"Waliwaambia mnatengeneza nini?"

"Sinema. Ya vita na mapenzi. Nikasubiri mapenzi, siyaoni. Jioni nawasha televisheni, maiti zangu ziko kwenye taarifa ya habari."

"Na kadi za kamera?"

"Wamezichoma mbele yetu. Lakini sauti ya maana haikai kwenye kamera. Nairekodi mimi, pembeni, kwenye mashine yangu. Hawakuniuliza. Hakuna anayemkumbuka fundi wa sauti mpaka sauti ikatike." Akafungua begi. "Halafu kuna ukimya."

"Ukimya gani?"

"Kila mahali tukimaliza, nawaomba wote watulie, narekodi dakika moja ya ukimya wa pale. Ni ya kuzibia mapengo baadaye. Ndiyo kazi ilivyo. Siku ile dakika ikaisha, mashine nikasahau kuizima."

Alimpa vipokea sauti. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akavivua taratibu. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi.

"Unajua umebeba nini?"

"Kifo changu."

"Na uhai wa mwanangu," Shangazi alisema. "Tusiviangushe."

Nokia yake ikalia. Mkuu wa idara.

"Unayo?"

"Ninayo."

"Ilete ofisini. Wataalamu waichunguze."

"Lini?"

"Baada ya kura."

"Mkuu, hiyo ni kura ya kupeleka watoto wa watu wakafie uongo."

"Watu wanataka vita. Umewasikia mwenyewe. Serikali inawafuata watu."

"Na watu wanamfuata nani?"

"Hiyo ni amri, Shangazi."

Alikata simu, akatoa betri, akaitia mfukoni. Hakumkasirikia. Alikuwa na uchovu wa mtu anayefagia uani huku upepo unavuma, na Mkuu hakuwa upepo wenyewe. Alikuwa jani tu.

"Nimesikia yote," Mjomba alisema sikioni. "Na sijasikia kitu."

"Asante."

"Vita vya panzi, Shangazi."

"Furaha ya kunguru. Najua. Kunguru wenyewe wako ngazini, nipitie wapi?"

"Nyuma ya jengo. Mafundi wamefunga jukwaa la mabomba mpaka chini."

Walishuka bomba kwa bomba. Goti lilimlaani kila hatua. Chini ilingoja pikipiki yake, Yamaha, na Fundi Sauti akapanda nyuma, begi katikati yao.

"Tunakwenda wapi?"

"Bungeni. Wale wanaowapigia kelele wabunge wana vipaza sauti, sivyo?"

Fundi Sauti alifikiri. "Gari la matangazo. Anayeendesha mitambo ni shemeji yangu. Tumegombana, lakini ni shemeji."

"Mtagombana tena kesho."

Uwanja mbele ya bunge ulifurika. Bendera, filimbi, vijana wenye nyuso zilizopakwa rangi. Kina mama walilia kwa uchungu wa kweli, wakiwalilia watu wasiokuwapo. Jambo hilo lilimuuma Shangazi kuliko goti. Juu ya gari la matangazo kijana mmoja alipaza sauti, "Tuvuke?" na maelfu wakaitika, "Tuvuke."

Madirisha ya bunge yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani wote walisikia.

Fundi Sauti alijipenyeza mpaka nyuma ya gari. Shangazi alibaki kulinda, ndipo alipomwona Miwani. Suti ya kijivu, lenzi nyeusi, mkono ndani ya koti, anakata umati kuelekea garini.

Shangazi alimfikia kwa nyuma. Mdomo wa bastola ukamgusa ubavu, chini ya mtandio.

"Tulia, baba. Wanaanza kupiga kazi yenu."

Vipaza sauti vilikwaruza. Kisha ikaja milio ya bunduki, na kile kilio cha mwanamke ambacho taifa zima lilikuwa limekikariri. Umati ulinguruma.

Halafu ukimya. Nyenze wakilia, upepo kidogo. Watu walidhani ni kumbukumbu ya marehemu, wakavua kofia.

Dakika ikaisha. Sauti ya mwanamume ikasema kwa uchangamfu, "Asanteni. Marehemu, amkeni mkale. Wewe wa tatu, umepumua."

Sauti nyingine ikajibu kwa kunung'unika, "Bosi, siafu wananiuma. Kesho nilaze kwingine."

"Na wewe mama, kile kilio kizuri sana. Kama kweli."

Hakuna aliyepuliza filimbi. Bibi mmoja karibu na Shangazi alikuwa bado ana machozi shavuni, hajui ayafanye nini. Kisha mtu akacheka mahali fulani, kicheko kibaya, na aibu ikapita juu ya vichwa vyote. Bendera zikashuka moja moja. Dirisha la bunge likafungwa, likafunguliwa tena, na baada ya muda karani akatoka kutangaza kwamba Spika ameahirisha kikao.

Miwani alijaribu kutoa mkono kwenye koti.

"Usinichoshe," Shangazi alimwambia. Akambonyeza kidogo, akamnyang'anya bastola yake ya Beretta, akamkabidhi kwa polisi wa kwanza aliyeonekana kuwa macho.

"Meli imezuiwa," Mjomba alisema. "Mkuu anakutafuta. Amebadilika, anasema operesheni ilikuwa wazo lake."

"Mwachie."

Alirudisha betri kwenye Nokia. Ujumbe wa mwanawe ulikuwa mfupi: Mama, tumeambiwa tushushe mizigo. Nitakupigia kabla sijalala.

Aliusoma tena na tena akiwa amesimama juani. Kisha akaiacha Yamaha kwa Fundi Sauti, maana goti lilikuwa limekataa kabisa, akasimamisha teksi.

Dereva alikuwa na bendera kwenye kioo na sauti iliyokauka kwa kushangilia asubuhi nzima.

"Mimi tangu siku ya kwanza nilisema ule mkanda ni wa uongo," alisema. "Muulize mke wangu."

"Hongera, baba."

"Watu hawafikiri, mama. Wanaburuzwa tu." Akamtazama kwenye kioo. "Una mtoto jeshini?"

"Ninaye."

"Mungu amlinde. Siku ikifika ya kupigana kweli, mwambie sisi raia tuko nyuma yake."

"Anajua," Shangazi alisema. "Nyuma kabisa."

Alishuka kwenye kona ya nyumbani, akamlipa, akaenda zake akichechemea.