Kengele Mbili Kwenye Ziwa la Juu

Aliyenisimulia haya ni mjomba wangu, fundi saa, na alinisimulia mara moja tu. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Mahali alipoinamisha kichwa nami nimepaacha hivyo hivyo.

Kila Jumamosi asubuhi Fundi Saa aliitoa baiskeli yake ya mbio sebuleni, akafuta mnyororo kwa kitambaa kile kile anachofutia vioo vya saa, akamngoja shemeji yake barabarani. Shemeji huyo, mume wa dada yake, alikuwa mwoka mikate, kipande cha mtu. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, akinuka hamira na unga umemganda viganjani.

Waliupanda mlima kwa barabara ya lami yenye kona kumi na tisa. Kwanza msitu, kisha ziwa la chini, msitu tena, halafu ziwa la juu. Baada ya ziwa hilo barabara inasimama kama ngazi. Hapo ndipo miguu ya Fundi Saa ilipoishiwa nguvu kila wiki, na hapo ndipo Shemeji alipomsogelea ubavuni, akamwekea kiganja mgongoni na kumsukuma.

"Nenda, nipo," alikuwa akimwambia.

Jasho na unga vilishikana. Fundi Saa alirudi nyumbani na kiganja cheupe kwenye fulana yake nyeusi, vidole vitano vimejipanga. Dada yake, aliyezifua fulana zote mbili, aliwaita watu waje waone. "Mdogo wangu kapigwa muhuri tena," alisema, na ua zima likaangua kicheko. Fundi Saa alicheka pamoja nao. Lakini kicheko hicho kilimkaa rohoni miaka sita.

Walikuwa na mapatano kuhusu kengele. Ikilia mara moja: nipo nyuma yako. Ikilia mara mbili: ningoje. Mapatano hayo aliyaleta Fundi Saa mwenyewe, na kwa miaka yote sita hakuna aliyewahi kupiga mara mbili isipokuwa yeye.

Jumamosi moja Shemeji hakuwa na nguvu. Alisema hakulala vizuri, akabaki nyuma tangu ziwa la chini. Walipofika la juu, Fundi Saa alikuwa mbele kwa hatua kama thelathini. Ndipo akaisikia. Kengele mbili.

Alisikia vizuri. Kazi yake ni kusikiliza saa zinavyogonga, hawezi kusingizia masikio. Alikanyaga zaidi.

Alifika kileleni wa kwanza. Akakaa juu ya jiwe, akala ndizi zake mbili, akayapanga maneno ya kumtania mwenzake. Zikapita dakika arobaini. Aliporudi chini aliikuta baiskeli ya Shemeji imeegemezwa vizuri kwenye chuma cha ukingoni. Mwenyewe alikuwa ziwani, kifudifudi, kwenye maji yasiyofika magotini. Daktari alisema alishuka kunawa uso, moyo ukamshinda. Mtu angekuwepo wa kumgeuza tu, alisema, pengine tungezungumza mengine.

Dada mtu aliuliza swali moja. Je, alipiga kengele?

"Hakupiga," Fundi Saa alijibu.

Baada ya mazishi dada yake aliifungua kengele ile kutoka kwenye usukani, akampa aiweke kwa ukumbusho. Aliifungia kwenye droo ya meza yake ya kazi, chini ya saa mbovu.

Mwaka mzima hakupanda mlima. Watu walimwonea huruma, jambo lililomwumiza kuliko tusi. Mwishowe, Jumamosi moja yenye jua, alijikaza akatoka, akijiambia kwamba akifika pale ziwani atashuka, aombe msamaha, yaishe.

Ziwa la chini lilikuwa na watu wanaofua. Walimpungia mkono. Msitu wa pili ulikuwa kimya, lami kavu, ndege hawasikiki. Alipolifikia ziwa la juu aliona aibu hata kuyatazama maji. Hakushuka. Alisema moyoni, wiki ijayo.

Kengele ikalia nyuma yake. Mara mbili.

Aliijua sauti hiyo. Kikombe cha kengele ya Shemeji kilikuwa na ufa, kililia kama kina mafua. Na kilikuwa nyumbani, kwenye droo, ufunguo uko mfukoni mwake.

Hakugeuka. Akakanyaga.

Kengele mbili tena. Karibu zaidi.

Ngazi ya barabara ikaanza. Miguu ikaishiwa nguvu, kama zamani. Baiskeli ikayumba. Kisha kitu kikatua mgongoni. Kipana. Baridi. Maji yakamtiririka kiunoni hadi kwenye kiti.

Baiskeli ikasonga.

Aliacha kukanyaga. Ikasonga. Alibana breki zote mbili mpaka vidole vikamwuma, mpira ukalia, ukanuka kuungua. Ikasonga. Aliona kivuli chake kwenye lami. Kilikuwa kimoja tu.

"Nenda," sauti ilinong'ona karibu na sikio, na pumzi ilinuka hamira. "Nipo."

Kilimfikisha kileleni, mpaka kwenye lile jiwe. Kikamwachia.

Alishuka kwa barabara ya upande wa pili, safari ya nusu siku. Hakupita kwake. Alikwenda kwa dada yake, akamkuta uani anasuuza mashuka. Alitaka kusema, akaghairi, akageuka aondoke. Ndipo dada yake alipouona mgongo.

Shuka likamtoka mikononi.

"Nani kakusukuma?" aliuliza taratibu.

Fundi Saa alipiga magoti pale pale kwenye povu. "Alipiga, dada. Mara mbili. Nilisikia."

Dada yake akauliza mumewe alikuwa mbali kiasi gani.

"Kama kutoka hapa mpaka mlango wa jirani."

Alimvua fulana kama anavyovuliwa mtoto. Akaweka kiganja chake juu ya kile cheupe, kidole kwa kidole, akakiacha hapo. Hakulia, hakumtukana. Alimletea shati la marehemu alivae, na kuanzia siku ile hajamwita tena mdogo wangu. Humwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. Chai humpa, na kiti humpa. Alipofika hapo katika kunisimulia, ndipo Fundi Saa alipoinamisha kichwa.

Fulana haikufuliwa. Iko kabatini kwa dada yake, ambaye ni mama yangu, na nimeiona. Unga uliochanganyika na maji hukauka kwa siku moja ukawa gamba. Huu ni mwaka wa tisa. Kila Jumamosi asubuhi mama hufungua kabati, akakibonyeza kile kiganja kwa kidole.

Bado kinabonyea. Halafu, taratibu, kinaumuka.