Asali ya Makoyi

Kila mwezi asali ilipokaribia kufika, Ornella aliosha chupa. Maji ya moto, sabuni, suuza mara mbili, kisha panga uani zikauke. Kazi ya kuchosha, lakini msichana huyu wa miaka kumi na mitatu hakulalamika. Angelalamikaje mbele ya mama yake, Maman Marcelline, ambaye paji lake la uso lilikuwa bado na alama ya kamba? Miaka sita mama huyo alibeba magunia mgongoni kutoka bandarini, akipanda vilima vya Bukavu huku kamba ya mzigo ikimkata kichwa. Asali ndiyo iliyomvua kamba hiyo.

Ilitoka Bunyakiri, kwa Tonton Bruno, kaka wa mama, mfuga nyuki. Ilikuja katika dumu la njano, bidoni kama tunavyosema sisi. Na kila mwezi Masœur Adèle, mtawa wa Nyalukemba, alichukua chupa kumi na mbili kwa ajili ya watawa wazee wenye kikohozi. Mteja alikuwa huyo mmoja tu, na ndiye aliyeilisha nyumba.

Alhamisi moja Mwalimu Ignace, wa Kiingereza, aliandika ubaoni: the real McCoy.

"Waingereza wakitaka kusema kitu ni chenyewe, si cha kuiga, husema hivi," alieleza. "Umenunua simu ya kweli, si ile ya bandia inayozimika kabla hujafika nyumbani? Basi ni the real McCoy. Haya, semeni!"

"Rial Makoyi!" darasa likaitikia, kisha likaangua kicheko.

"Mwalimu, huyo Makoyi ni mutu wa hapa kwetu Kadutu?" aliuliza Luc.

"Wengine wanasema alikuwa bondia, wengine fundi wa mitambo. Hakuna mwenye hakika. Lakini shikeni matumizi yake: neno hili lina uzito likisemwa na aliyekijaribu kitu, si na anayekiuza."

Ornella aliandika yote daftarini, isipokuwa hilo la mwisho. Kengele ilikuwa imelia.

Wiki hiyo mvua iliharibu barabara. Bidoni ilifika Ijumaa, tena nusu tupu. Maman Marcelline aliitikisa, akaketi chini. Tangu asubuhi alikuwa na homa.

"Hii haipite chupa sita," alisema. "Kesho umwambie Masœur: maman anaomba radhi, barabara iko mubaya." Akajilaza na viatu miguuni.

Ornella alimtazama, kisha akaitazama ile kamba, iliyotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Masœur akitafuta muuzaji mwingine, kamba itashuka. Hofu ikamshika. Akachemsha sukari na maji, akaacha ipoe, akaimimina yote ndani ya bidoni na kukoroga. Chupa kumi na mbili zikajaa. Na juu ya kila chupa akabandika karatasi yenye herufi kubwa: REAL McCOY.

Asubuhi mama aliziona. "Umeandika jina la nani? Nyuki si ya Bruno?"

"Ni Kiingereza, maman. Maana yake iko ya kweli."

"Na zimekuwa kumi na mbili?"

"Ilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani."

Mama alikuwa amechoka mno kuuliza zaidi. "Mungu ametusaidia," alisema. Maneno hayo yalimchoma Ornella, lakini akajitwika kikapu, akaenda kwa watawa Nyalukemba.

Masœur Adèle aliisoma karatasi, akacheka kwa furaha. "Eh! Neno hili sijalisikia tangu nilipokuwa masomoni Nairobi. Unajua maana yake?"

"Kitu cha kweli, si cha kuiga."

"Vizuri sana!" Akafungua chupa, akajaza kijiko, akamgeukia Masœur Rosalie, bibi kizee aliyekuwa akikohoa kitini. Bibi alikwisha kufungua mdomo, kama mtoto.

"Usimpe!" Ornella alipaza sauti. "Nimetia sukari, Masœur."

Kijiko kikasimama hewani. "Chupa ngapi?"

"Zote. Nilimimina ndani ya bidoni."

"Basi hata asali ya kweli umeiharibu," alisema mtawa kwa huzuni. "Rudi nazo, mutoto wangu. Mwezi ujao tutaona."

Jamani, kupanda kilima na chupa kumi na mbili zisizotakiwa! Nyumbani Ornella alieleza yote. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Homa ilipopoa, akaichukua kamba msumarini, akaenda bandarini.

Wiki tatu alibeba magunia. Jioni Ornella alimkanda paji kwa kitambaa cha maji ya moto, machozi yakimdondoka.

"Nisamehe, maman."

"Nilikwisha kukusamehe. Ila kichwa kinaniuma tu."

Mwezi uliofuata bidoni ilikuja imejaa. Ornella alijaza chupa, hakubandika kitu. Safari hii walikwenda wote wawili. Masœur Adèle alionja, akafumba macho. Akampa Masœur Rosalie, ambaye alilamba kijiko mpaka kikang'aa na kuomba kingine.

"Maman Marcelline, hii ndiyo the real McCoy! Uniletee kumi na mbili kila mwezi, kama zamani."

"Huyo Makoyi tena!" Mama akacheka, mara ya kwanza mwezi mzima.

Masœur akamshika Ornella bega. "Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ulibandika neno la kweli juu ya uongo, nalo likageuka uongo. Leo hukuandika kitu, na mimi niliyeonja nimelisema mwenyewe. Na ujue hili: kama ningekukamata, ningenunua kwingine. Nilingoja kwa sababu ulisema kwa kinywa chako."

Nyumbani Maman Marcelline aliitundika kamba msumarini, akavua viatu, akalala mchana kweupe. Ornella alifunga mlango polepole, akaenda kuosha chupa.